Divai ya Mendoza Kwenye Meza ya Michopo

Mtu akiniuliza anunue divai gani nyekundu, mimi humuuliza kwanza atapika nini na atakula na nani. Wapo wanaokereka. Walitaka jina la chupa tu waliandike kwenye simu, waingie dukani, walipe, waondoke. Lakini nimelelewa na mjomba aliyehudumia meza za hoteli moja kubwa ya katikati ya Lubumbashi kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na swali hilo ni lake. Alikuwa akimkaribia mgeni, anainama kidogo, mikono nyuma: “Papa, leo mutakula nini?” Orodha ya divai ilikuwa imebanwa kwapani, haifunguliwi mpaka jibu lipatikane. “Usimuuzie mutu divai,” alikuwa akituambia nyumbani, “kama haujajua kitu gani kiko mu sahani yake.”

Jibu likiwa michopo, basi nami sina mzunguko: nunua Malbec ya Argentina. Michopo, kwa asiyeijua, ni nyama ya mbuzi, pengine ya ng'ombe, inayochomwa juu ya makaa kando ya barabara zetu, ikakatwakatwa kwa panga juu ya kigogo, ikanyunyiziwa chumvi, ikawekewa kitunguu kibichi na pilipili, kisha ikafungwa katika karatasi ya kaki ambayo hulowa mafuta kabla hujafika nyumbani. Wengi hapa huteremshia Simba baridi, au Tembo kwa wapendao bia nyeusi, na sina ugomvi nao. Ninachosema ni kwamba ipo divai moja nyekundu iliyokaa na nyama ya makaa kwa vizazi kule ilikotoka, na ikifika kwetu Katanga inajua la kufanya.

Niliionja mara ya kwanza uani kwa mjomba, Kamalondo, katikati ya msimu wa kiangazi. Chupa alipewa na mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Mjomba hakuifungua ovyo. Alikata karatasi ya bati shingoni, akaifuta kwa kitambaa safi, akazungusha kizibuo polepole mpaka kizibo kikatoka bila kelele. Alikinusa kizibo, akakiweka mezani. Kisha akatandika ukurasa wa gazeti, akamimina divai kidogo sana kwenye glasi, akaiinamisha juu ya maandishi. Katikati ilikuwa nyeusi. Herufi hazikuonekana hata kidogo. Pembeni, pale ilipokuwa nyembamba, palitokea mstari wa zambarau unaokaribia waridi. “Angalia pembeni,” aliniambia. “Pale njo umri wake unaonekana.” Divai nyekundu changa huwa na ukingo wa zambarau, kadiri inavyozeeka ukingo unageuka rangi ya tofali, kisha kahawia. Malbec ni miongoni mwa zabibu zenye rangi nzito kupita nyingi, na mtu akishauona ule mstari wa ukingoni mara moja hausahau.

Halafu tukanusa. Nilitarajia harufu ya divai ya misa, ile niliyoijua tangu utoto nikiwa karibu na altare, harufu ya utamu uliokaa. Haikuwa hiyo. Zilikuja zambarau zilizoiva mpaka zinapasuka, zikaja forosadi zile zinazotia vidole rangi siku nzima, kisha nyuma yake kitu cha moshi na vanila. Vanila, mjomba alieleza, haitoki kwenye zabibu. Inatoka kwenye pipa la mwaloni ambalo fundi wake hulichoma ndani kwa moto kabla ya kulitia divai. Nilipokunywa, utamu wa matunda ulitangulia, ukafuata uchachu unaoamsha mate, na mwishoni ukakasi, taratibu, kwenye fizi na ncha ya ulimi. Sukari haikuwamo. Hilo lilinishangaza kuliko yote: kinywa kimejaa matunda, na divai yenyewe ni kavu.

Nilimwambia mjomba kwamba sijui kuonja divai, kwamba hayo ni mambo ya waliosomea. Akakataa. Akanikumbusha mama mmoja wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, ambaye sisi sote tulinunua munkoyo kwake. Munkoyo ni unga wa mahindi uliopikwa ukachanganywa na mizizi ya mti wa porini uliobeba jina hilohilo, ukaachwa uchachuke. Mama yule alikuwa akiweka tone kwenye kiganja, analamba, na kukuambia kama ni ya jana au ya asubuhi, kama mizizi ilipondwa vizuri, kama unga uliungua chini ya sufuria. Wateja wake nao walijua. Mtoto wa miaka kumi alikuwa anarudisha kikombe akisema imekwisha kuwa kali. Mji mzima, basi, una ulimi uliofundishwa kutofautisha uchachu mzuri na uchachu wa kuharibika, uchungu wa mzizi na uchungu wa moto. Kilichokosekana kwetu ni ukaribu na chupa tu.

Na ukaribu huo ulizuiwa kwa makusudi. Wazee wa Élisabethville, kama mji wetu ulivyoitwa tangu ulipoanzishwa mwaka 1910 hadi ulipobadilishiwa jina mwaka 1966, walikaa wametenganishwa. Kamalondo ilikuwa mtaa wa Waafrika, ng'ambo kulikuwa na mji wa Wazungu, na katikati ukaachwa ukanda mtupu. Bia Mwafrika aliuziwa. Divai na pombe kali zilikuwa za upande wa pili. Mjomba alirithi kazi kutoka kwa watu waliobeba chupa miaka mingi kwenye trei bila ruhusa ya kukaa nazo mezani. Nadhani ndiyo maana alitaka tujue kila kitu kuhusu divai, mpaka udongo. Hakupenda tuwe watu wa kusifu chupa kwa sababu imeandikwa Kifaransa. Kwake mtu aliyekunywa bila kuelewa alikuwa bado yuko nje ya mlango.

Tukianza na udongo basi, Malbec si ya Argentina kwa kuzaliwa. Ni zabibu ya kusini magharibi mwa Ufaransa, hasa maeneo ya Cahors, ambako wengi huiita Côt. Mwaka 1853 mtaalamu wa kilimo Mfaransa, Michel Aimé Pouget, alipeleka vipando Mendoza, chini ya milima ya Andes, kwa msukumo wa Domingo Faustino Sarmiento, ambaye baadaye alikuwa rais wa Argentina. Tarehe 17 Aprili mwaka huo lilipelekwa bungeni pendekezo la kuanzisha shule ya kilimo, na ndiyo sababu wapenzi wa divai hii huiadhimisha siku hiyo kila mwaka. Vipando viliondoka Ufaransa katika wakati wa bahati. Miaka michache baadaye aliingia filoksera, mdudu mdogo anayenyonya mizizi ya mizabibu, akaangamiza mashamba ya Ufaransa. Cahors ilijikongoja ikapanda upya, kisha mwezi wa Februari 1956 baridi kali ikaua karibu mizabibu yake yote. Wakati huo wote, jangwani ng'ambo ya bahari, ukoo wa ile mizabibu ya Pouget ulikuwa unaendelea kuzaa.

Nasema jangwani kwa sababu Mendoza hupata mvua ya takriban milimita 200 tu kwa mwaka. Lubumbashi tunapata karibu mara sita ya hiyo. Maji ya mizabibu ya kule ni theluji ya Andes iliyoyeyuka, ikaletwa na mito na mifereji ambayo mingine asili yake ni kazi ya watu wa Huarpe, waliokuwapo kabla ya Wahispania. Mkulima anafungua maji anapotaka na kuyafunga anapotaka. Mvua haiji kumwozeshea zabibu wiki ya mavuno. Sisi mvua zetu huanza kushika Novemba na kuendelea hadi Machi, miezi ileile ambayo zabibu za Mendoza zinanenepa na kuiva. Ukipanda Malbec nyuma ya nyumba yako mtaani Katuba, utavuna majani na ukungu.

Lakini kitu kimoja tunakielewa vizuri hapa kuliko watu wa pwani: mwinuko. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Mashamba ya Bonde la Uco, kusini magharibi mwa jiji la Mendoza, yako kati ya mita 900 na 1,500. Kila mkazi wa hapa anajua Juni ilivyo: mchana jua linachoma mgongo, usiku unatafuta blanketi la pili, kipimo kinashuka chini ya nyuzi 10. Zabibu inaishi hivyo kule, katika majira yake ya joto. Jua la mchana linaipa sukari na kulinenepesha ganda, na ganda ndilo lenye rangi na ukakasi. Baridi ya usiku inaulinda ule uchachu usiungue. Ndiyo maana Malbec ya milimani inaweza kuwa nzito na bado ikaburudisha. Ile ya mashamba ya chini zaidi, yenye joto, huwa laini na ya matunda matamu zaidi, na mara nyingi ni nafuu. Kwa michopo ya Jumapili nafuu inatosha kabisa.

Kuna watu wananiuliza kwa nini nisisifu divai ya Waswahili wenzetu, ya Dodoma. Naisifu pia. Kule nako ni nyanda za juu kavu, wamisionari wa Kiitaliano walipanda mizabibu, na leo wakulima wana zabibu yao nyekundu, Makutupora, na wanavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Mendoza haliwezekani. Ningefurahi kuiona mara nyingi zaidi kwenye rafu zetu. Ila leo naulizwa kuhusu nyama ya makaa, nami najibu kuhusu nyama ya makaa.

Rafu zetu zimejaa Afrika Kusini, na sababu ni barabara. Divai ya Stellenbosch inapanda lori, inapita Zambia, inafika mpakani Kasumbalesa. Ya Argentina inatangulia baharini hadi bandari kama Durban au Dar es Salaam, kisha inafuata njia zilezile. Kasumbalesa unaijua: mulongo wa malori unaweza kulala pale siku nyingi, makontena yako juani. Divai haipendi jua. Ikipikika ndani ya chupa, matunda yake yananuka jemu iliyoungua na zabibu kavu, na rangi inaanza kuelekea kahawia kabla ya wakati. Kwa hiyo kabla hujalipa, ishike chupa. Pitisha kidole juu ya shingo: kama kizibo kimejisukuma juu kuliko mdomo wa chupa, au kuna utomvu mkavu chini ya karatasi ya bati, iache. Tazama kimo cha divai shingoni ukilinganisha na chupa za jirani. Epuka zile zilizopangwa dirishani ili zipendeze. Na usidharau chupa yenye kifuniko cha kuzungusha. Kwa safari ndefu ya namna yetu kinahifadhi vizuri, na mjomba alikipenda kuliko vizibo vya bei rahisi.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mwenye mgahawa katika mji huu alisikie. Wafaransa na Wabelgiji walituachia kanuni kwamba divai nyekundu inanywewa kwa joto la chumba. Chumba kipi? Kanuni ilitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya, zenye nyuzi 16, 17, 18. Oktoba yetu, jakaranda zikiwa zimechanua na mvua haijafika, chumba kina nyuzi zaidi ya 30. Malbec yenye kilevi cha asilimia 14 ikimiminwa katika joto hilo inanuka spiriti, inachoma puani, matunda yote yanazimika, na mtu anaondoka akisema divai nyekundu haimfai. Iweke kwenye friji nusu saa kabla ya kula. Umeme ukiwa umekatika, itumbukize kwenye ndoo ya maji ya kisima kwa muda mrefu kidogo. Ukiigusa chupa iwe baridi kidogo mkononi, isifike ile ya kutoa jasho, maana ikipoa mno ukakasi unakuwa mgumu na chungu. Mjomba alikuwa akipeleka chupa nyuma ya jikoni kimyakimya, anairudisha imepoa, na wageni wanasifu ghala la hoteli.

Kwenye sahani penyewe kazi ni hii. Ukakasi wa divai nyekundu unang'ang'ania protini za mate, ndiyo maana kinywa kinakauka. Ukiwa unatafuna nyama yenye mafuta na chumvi, unapata kingine cha kung'ang'ania, na kinywa kinabaki laini. Mafuta ya mbuzi nayo yanasafishwa na uchachu, kwa hiyo tonge linalofuata lina ladha ya tonge la kwanza. Waargentina wanalijua hilo kwa asado yao, nyama ya moto wa kuni inayochukua mchana mzima. Lakini wao hawana pilipili yetu. Kilevi kinauongeza moto wa pilipili. Kunywa Malbec ya asilimia 14 na nusu juu ya pilipili nyingi ni kujitesa. Mwambie mchomaji akufungie pilipili pembeni. Chumvi na kitunguu viwe vingi kadiri unavyotaka.

Bukari, yaani ugali, haisumbui chochote, inapokea kila kitu. Sombe, majani ya muhogo, iliyopikwa na mafuta ya mawese inakubaliana na Malbec changa isiyokaa kwenye pipa, kwa sababu mawese yana uzito na sombe ina uchungu mdogo unaotaka matunda. Vinkubala, yaani viwavi, vilivyokaushwa, vikakaangwa na nyanya na kitunguu, vimenifurahisha nayo kuliko nilivyotegemea: ule moshi na ladha nzito ya msituni vinaikuta divai katikati. Wageni wa kutoka Kinshasa hawakuniamini mpaka walipoonja.

Mtu niliyejifunza kwake zaidi baada ya mjomba ni shangazi yangu wa Katuba. Yeye divai kwake ni tamu, ya kunywa Noeli na kwenye harusi, na nyingine zote anaziita dawa. Ungempa Malbec peke yake, bila chakula, angeirudisha, na angekuwa na haki. Nilingojea mbavu za mbuzi. Alipokuwa ameshika mfupa kwa mikono miwili nikamsogezea glasi: “Shangazi, kunywa kidogo, halafu urudilie nyama.” Alikunywa, akakunja uso, akarudia nyama, akanyamaza akitafuna. Akanywa tena bila kuambiwa. “Hii iko na nguvu, mwanangu,” alisema, “lakini haigombane na mbuzi.” Sijasoma maelezo ya divai hii yaliyo sahihi zaidi ya hayo. Alimaliza glasi moja na hakutaka ya pili, nami sikumlazimisha.

Kutolazimisha ni nusu ya kazi ya kupendekeza. Mji wetu una watu wengi wa makanisa ambao hawagusi pombe, una madereva wenye safari ya Likasi usiku, una kina mama wajawazito, una watu waliozoea chupa ya bia na ambao hawatambui kwamba chupa ya divai inayokaribiana nayo kwa ukubwa ina kilevi karibu mara tatu. Mjomba alikuwa na namna ya kuuliza, “Na maji, nilete?” kabla mtu hajalazimika kujieleza mbele ya wenzake. Kwa meza ya watu sita wanaokula nyama, chupa mbili zinatosha, maji yakiwa mengi.

Kuhusu bei na maandishi: kwenye chupa ya Argentina neno Reserva si pambo. Sheria ya kule inataka divai nyekundu yenye jina hilo iwe imekomazwa walau miezi 12, na Gran Reserva miezi 24. Zinakuwa na mwaloni zaidi, ukakasi zaidi, na zinagharimu zaidi. Zinafaa ng'ombe, mchuzi mzito, jioni ya Julai yenye baridi. Kwa mahari au harusi ya watu mia mbili chukua Malbec ya kawaida ya mwaka mmoja au miwili iliyopita, na tumia pesa iliyobaki kwenye barafu. Ukiona jina la sehemu ndogo, kama Luján de Cuyo au Valle de Uco, mara nyingi kuna mkulima aliyetaka ujue shamba lake liko wapi, na hilo huwa dalili njema. Picha ya farasi au ya milima haikuambii lolote.

Samaki ni habari nyingine. Thomson wa kukaanga, kapenta, samaki wa ziwa Mweru wa mchuzi: ukakasi wa Malbec ukikutana na mafuta ya samaki unatoa ladha ya chuma mdomoni, na hakuna joto la chupa litakaloirekebisha. Siku hiyo naomba Simba baridi, au divai nyeupe kavu ya Afrika Kusini ikiwa mwenyeji anayo.